Kabla Hujaongeza Nyuzi: Namna ya Kujua Kama Programu Itaharakishwa au Itakwamishwa

Programu inapokuwa nzito, ushauri unaotolewa upesi kuliko wote ni kuigawanya kazi yake kwa nyuzi nyingi ili kompyuta ifanye mambo kadhaa kwa wakati mmoja. Kwa baadhi ya programu ushauri huo hugeuza saa tatu zikawa dakika kumi. Kwa nyingine huongeza muda, hula kumbukumbu, na hata kuharibu hesabu zilizokuwa sahihi. Aina ya programu uliyo nayo hujulikana kwa vipimo vichache, ambavyo hufanywa kabla ya kuandika mstari wowote mpya wa msimbo. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuvifanya na jinsi ya kuyasoma majibu yake.

Uzi, kwa maana inayotumika hapa, ni mfuatano mmoja wa maagizo ambao mfumo endeshi huupangia zamu kwenye kichakataji. Programu moja inaweza kuwa na nyuzi nyingi, na zote huiona kumbukumbu ileile. Hapo ndipo penye faida yake na ndipo penye hatari yake. Vichakato tofauti (yaani programu zinazoendeshwa kila moja peke yake), kinyume chake, kila kimoja kina kumbukumbu yake, wala hakiwezi kuvuruga data ya mwenzake kwa bahati mbaya. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, watengenezaji wa vichakataji walikuwa wakiongeza kasi kwa kuharakisha mapigo ya saa yake, lakini joto na ulaji wa umeme viliwafikisha ukingoni takriban mwaka 2005, wakageukia kuongeza idadi ya viini, yaani sehemu za kichakataji ambazo kila moja huweza kufanya kazi yake peke yake. Kwa hiyo programu ya uzi mmoja kwenye kompyuta yenye viini vinne huviacha vitatu vikikaa bure, na kuviona vimekaa bure ndiko humsukuma mtu kuongeza nyuzi kabla hajapima chochote.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Tuseme kuna muungano wa vyama vya wakulima wa kahawa huko Kasese, magharibi mwa Uganda, wenye wanachama 30,000. Kila msimu unapofungwa, programu husoma rekodi milioni 12 za mizani kutoka misimu kumi iliyopita, hukokotoa malipo na bonasi ya kila mkulima baada ya kukata mikopo ya mbolea, huandika ripoti, kisha humtumia kila mmoja ujumbe mfupi na kuamuru fedha zake ziingie kwenye simu. Programu hii ina kazi za tabia mbili tofauti kabisa, na ndiyo sababu inatufaa.

Je, programu inangoja au inakokotoa?

Kwenye Linux au macOS, andika neno `time` mbele ya amri inayoiendesha programu, kisha uendeshe kila sehemu peke yake. Kwa sehemu ya kutuma ujumbe unaweza kupata jibu la namna hii:

```
real    200m12s
user    0m48s
sys     0m9s
```

Mstari wa kwanza ni muda wa saa ya ukutani. Wa pili ni muda ambao kichakataji kiliutumia kuendesha msimbo wako wenyewe, na wa tatu ni ule ambao mfumo endeshi uliutumia kwa niaba yako. Katika dakika mia mbili, kichakataji kilifanya kazi kwa muda usiofika dakika moja. Muda mwingine wote programu ilikuwa imekaa ikisubiri jibu la seva ya kampuni ya simu. Sehemu ya kukokotoa malipo, kwa upande wake, ingeweza kuonyesha `real` ya dakika 1 na sekunde 40 na `user` ya dakika 1 na sekunde 37, yaani kiini kimoja kilishughulika karibu muda wote bila kupumzika. Anayetumia Windows atauona mgawanyo huohuo kwenye dirisha la Task Manager: kwenye kompyuta yenye viini vinne ambavyo kila kimoja huendesha uzi mmoja tu, programu iliyoganda kwenye asilimia 25 imekijaza kiini kimoja, na iliyo karibu na sifuri inangoja.

Rudia kila kipimo mara kadhaa na ulitupe jibu la mara ya kwanza, kwa sababu mara ya kwanza faili husomwa kutoka diski na mara zinazofuata husomwa kutoka kumbukumbu. Ikiwa unapima kwenye kompyuta ya mkononi, ichomeke kwenye umeme, kwani inapotumia betri hupunguza kasi ya kichakataji ili kuokoa chaji. Umeme ukikatika katikati ya kipimo, tupa matokeo hayo na uanze upya.

Kwa kazi ya kungoja, nyuzi husaidia sana

Ombi moja la ujumbe likichukua milisekunde 400, maombi 30,000 yanayofuatana huchukua sekunde 12,000, yaani saa tatu na dakika ishirini. Muda mwingi kati ya hizo 400 ni wa safari na wa seva ya upande wa pili; data ikitoka Kampala hadi Ulaya na kurudi, safari peke yake huzidi milisekunde 100, na hakuna kichakataji kinachoweza kuufupisha umbali huo. Ukiwa na nyuzi 20, kila moja ikiwa na ombi lake linalosubiri jibu, muda wa jumla hushuka hadi sekunde 600 hivi. Hata kompyuta yenye kiini kimoja hupata faida hii, kwa sababu uzi unaongoja haudai kiini.

Mtu akishaona saa tatu zimekuwa dakika kumi, hushawishika kuweka nyuzi 500. Hapo ndipo vikwazo vya upande wa pili hujitokeza. Kampuni nyingi zinazopitisha ujumbe huweka kikomo cha maombi kwa sekunde, na zinayakataa yanayozidi. Hifadhidata nayo ina mlango wake: PostgreSQL isipobadilishwa hukubali miunganisho 100 tu, na MySQL 151. SQLite, ambayo hutumika kwenye mifumo midogo mingi, huruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja, hivyo nyuzi ishirini zinazoandika ndani yake hupanga foleni kwenye mlango mmoja, au hurudishiwa kosa la kwamba hifadhidata imefungwa. Anza na nyuzi 5, panda hadi 10, kisha 20, na usimame pale ambapo muda hauteremki tena au makosa yanapoanza kuongezeka.

Kwenye malipo kuna jambo zito kuliko kasi. Uzi unaotuma agizo la fedha ukichoka kusubiri na kulituma tena, mkulima anaweza kulipwa mara mbili, kwa kuwa agizo la kwanza huenda lilifika na ni jibu lake tu lililopotea njiani. Kila malipo yapewe namba yake ya pekee kabla ya kutumwa, namba ambayo haibadiliki hata agizo likirudiwa, ili mfumo wa upande wa pili ulitambue kuwa ni lilelile. Bila hilo, nisingeongeza uzi hata mmoja.

Ipo pia njia inayozishinda nyuzi zote, nayo ni kuuliza kama mtoa huduma anapokea namba nyingi katika ombi moja. Maombi 300 yenye namba mia mia humaliza kazi kwa uzi mmoja kwa dakika mbili hivi, endapo kila ombi litachukua muda uleule. Aidha, pale penye miunganisho maelfu inayokaa wazi kwa muda mrefu, nyuzi si chombo kinachofaa, kwani kila uzi hutengewa nafasi yake ya kumbukumbu: kwa kawaida Linux huutengea hadi megabaiti 8 za anwani, na Java takriban megabaiti 1. Ndiyo sababu nginx, programu ya seva ya wavuti iliyotolewa na Igor Sysoev mwaka 2004, hushughulikia miunganisho mingi kwa vichakato vichache vinavyosikiliza matukio, na ndiyo sababu lugha ya Go huanza kila kijiuzi chake na kilobaiti 2 tu, na Java 21 ya mwaka 2023 ikaleta nyuzi pepe, ambazo ni nyepesi kuliko nyuzi za kawaida.

Kwa kazi ya kukokotoa, piga hesabu kwanza

Kabla ya yote, tazama msimbo wenyewe. Ikiwa kila rekodi ya mizani humtafuta mkulima wake kwa kupekua orodha ya wanachama 30,000 kuanzia juu, basi rekodi milioni 12 hufanya ulinganisho unaokaribia bilioni 180. Viini vinne vitaugawanya mzigo huo kwa nne tu. Kuiweka orodha katika kamusi inayotafuta kwa namba ya uanachama kutauondoa karibu wote. Nyuzi zinazogawana kazi ambayo haikupaswa kufanywa ni upotevu wa viini vinne badala ya kimoja.

Tuseme hilo limesharekebishwa, na zile sekunde mia moja zimegawanyika hivi: 20 za kusoma faili, 60 za kukokotoa, na 20 za kuandika ripoti. Sehemu inayogawanyika ni ile ya katikati peke yake. Viini vinne huzifanya sekunde 60 kuwa 15, na jumla huwa 55; viini vinane huzifanya 7.5, na jumla huwa 47.5, na hata ukipewa viini elfu, jumla haitashuka chini ya 40. Kanuni hii hujulikana kwa jina la Gene Amdahl, mhandisi wa kompyuta wa Marekani aliyeieleza hoja yake mwaka 1967, na inatosha kuipiga kwenye kipande cha karatasi ili kujua kama kazi ya wiki nzima ya kuandika nyuzi ina maana. Katika mfano wetu, kuiharakisha namna ya kuandika ripoti kunaweza kuleta faida kubwa kuliko kuhama kutoka viini vinne hadi vinane.

Hesabu hiyo pia ni ya matumaini, kwani haihesabu gharama za nyuzi zenyewe. Viini vyote vinapofanya kazi pamoja, joto hupanda na kichakataji hupunguza mapigo yake, kwa hiyo viini vinne havitoi mara nne kamili. Halafu idadi unayoonyeshwa si lazima iwe ya viini halisi. Amri ya `nproc` inaweza kusema 8 ilhali `lscpu` inaonyesha kuwa ni viini vinne, kila kimoja kikiendesha nyuzi mbili kwa kugawana vifaa vyake vya ndani; kwa kazi ya kukokotoa, ile nusu ya pili huongeza kidogo tu. Kwenye seva za kukodi, kinachouzwa kama kichakataji kimoja mara nyingi ni nusu hiyo. Na programu inayoendeshwa ndani ya kontena (kifungashio kinachoitenga na programu nyingine kwenye mtambo) lililowekewa kikomo cha kichakataji kimoja inaweza kuuona mtambo mzima wenye viini 32, ikaanzisha nyuzi 32, kisha zote zikasukumana mahali pa mmoja. Kibanda cha rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) pale Wandegeya, Kampala, chenye kikaango kimoja hakitoi chapati haraka zaidi kwa kuajiri wapishi wanne, na wapishi hao watapoteza muda kupishana.

Usomaji wa faili una hukumu yake. Kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa Kampala bado zina diski za kuzunguka, na diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huchukua milisekunde 8 kuzunguka mara moja, mbali na muda wa kichwa chake kuhama. Nyuzi nne zinazosoma sehemu nne za faili hukirusha kichwa hicho huku na huko, na usomaji huwa wa polepole kuliko wa uzi mmoja unaosoma moja kwa moja. Diski za SSD, ambazo hazina sehemu inayozunguka, hazina tatizo hilo, na nyingine hufanya vizuri zaidi zikipewa maombi mengi kwa pamoja.

Mahali kasi inapopotelea: kitu kinachoshirikiwa

Hapa ndipo programu nyingi za nyuzi huharibikiwa, hivyo tutakaa kidogo. Tuseme nyuzi nne zinagawana rekodi, na zote zinaongeza kilo kwenye jumla moja ya muungano:

```
jumla = jumla + kilo
```

Mstari huo mmoja ni hatua tatu: kusoma jumla, kuongeza, na kuandika. Jumla ikiwa 500, uzi wa kwanza wenye kilo 40 huisoma 500. Kabla haujaandika, uzi wa pili wenye kilo 25 nao huisoma 500. Wa kwanza huandika 540, wa pili huandika 525 juu yake. Jibu sahihi ni 565, na kilo 40 za mkulima zimepotea bila programu kutoa kosa lolote. Ubaya wa hitilafu hii ni kwamba hutokea mara chache na bila mpangilio: programu inaweza kupita majaribio yote ofisini na kukosea siku ya malipo.

Dawa inayofahamika ni kufuli: uzi hulifunga, husoma, huongeza, huandika, kisha hulifungua. Hesabu hurudi kuwa sahihi, lakini sasa nyuzi nne hupokezana mahali pamoja, na kila makabidhiano yana gharama yake. Kufuli lisilogombaniwa hugharimu makumi ya nanosekunde, ilhali kujumlisha namba mbili hugharimu chini ya moja. Likigombaniwa, uzi unaokosa unaweza kulazwa na mfumo endeshi na kuamshwa baadaye, jambo linaloweza kuchukua mikrosekunde kadhaa. Rekodi milioni 12 zikipitia kufuli hilo moja moja, programu ya nyuzi nne huchukua muda mrefu kuliko ile ya uzi mmoja, na `time` itakuonyesha `user` na `sys` zikiwa zimevimba huku `real` ikiwa haijashuka. Makufuli yakiwa mawili, na uzi mmoja ukalishika la kwanza ukisubiri la pili wakati mwenzake amefanya kinyume, nyuzi zote mbili hukwama milele.

Njia iliyo bora ni kuondoa ushirika wenyewe. Kila uzi upewe rekodi zake na jumla yake binafsi, na mwishoni jumla hizo nne zijumlishwe mara moja. Kufuli likihitajika, litumike mara nne badala ya mara milioni 12. Kwa malipo ya wakulima, gawanya kwa namba ya uanachama ili rekodi zote za mkulima mmoja ziangukie kwenye uzi mmoja; hapo hakuna nyuzi mbili zitakazogusa akaunti moja.

Hata hivyo, wanaoandika kwa C, C++, Rust, Go au Java wanaweza kugawa jumla vizuri na bado wakaikosa kasi. Kichakataji hakichukui namba moja moja kutoka kumbukumbu. Huchukua kipande kizima, ambacho kwenye vichakataji vingi vya kompyuta zetu ni baiti 64, na kukiweka kwenye kashe ya kiini, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu nacho. Jumla nne za baiti 8 zilizopangwa bega kwa bega katika safu moja huweza kukaa zote kwenye kipande kimoja. Kila uzi unapoandika jumla yake, nakala ya kipande hicho kwenye viini vingine hubatilishwa na kulazimika kuletwa upya, ingawa hakuna uzi uliogusa namba ya mwenzake. Msimbo unaonekana safi, matokeo ni sahihi, na kasi imetoweka. Weka jumla katika kigezo cha ndani cha kila uzi na uiandike kwenye safu mwishoni tu, au uzitenganishe jumla hizo kwa nafasi inayozidi kipande kimoja.

Python na wenzake

Python ya kawaida ina kufuli lake kuu, ambalo huruhusu uzi mmoja tu kuendesha msimbo wa Python kwa wakati. Uzi unaongoja mtandao huliachia, ndiyo maana nyuzi 20 za kutuma ujumbe hufanya kazi vizuri. Lakini nyuzi nne za kukokotoa hupokezana, na hazimalizi mapema kuliko uzi mmoja. Kwa ukokotoaji, tumia moduli ya `multiprocessing`, ukikumbuka kuwa data inayopita kati ya vichakato hunakiliwa, kwa hiyo kipe kila kichakato jina la faili na mahali pa kuanzia badala ya kukibebesha mamilioni ya rekodi. Toleo la 3.13 la Oktoba 2024 lilileta jaribio la Python isiyo na kufuli hilo, na toleo la 3.14 la mwaka 2025 likaipa namna hiyo uungwaji mkono rasmi, ingawa lazima uichague mwenyewe. Maktaba za kukokotoa namba kama NumPy zina mambo yake: baadhi ya kazi zake huendesha nyuzi zake zenyewe chinichini, na vichakato vinne vyenye nyuzi nne kila kimoja ni nyuzi 16 juu ya viini vinne. Mara nyingi kuweka `OMP_NUM_THREADS=1`, mpangilio unaoiambia maktaba itumie uzi mmoja tu, hutatua hilo.

Idadi ya nyuzi na ukubwa wa vipande

Kwa ukokotoaji, anza na idadi ya viini halisi. Kwa kungoja, anza na chache na upande kama ilivyoelezwa juu. Usianzishe uzi mpya kwa kila rekodi, kwa kuwa kuuanzisha huchukua makumi ya mikrosekunde ilhali rekodi yenyewe humalizika kwa moja au mbili. Tengeneza kundi la nyuzi chache mara moja na uzipe vipande vya maelfu ya rekodi. Vipande visiwe vinne kamili pia, kwa sababu kimoja kikiwa kizito, nyuzi tatu zitamaliza na kuusubiri wa nne. Idadi yenyewe iwekwe kwenye faili la mipangilio, kwani kompyuta ya ofisi ya muungano huenda isifanane na uliyopimia.

Mwisho, usilifute toleo la uzi mmoja. Liendeshe kwa data ileile na ulinganishe malipo ya kila mkulima, mstari kwa mstari, na lile la nyuzi nyingi, tena mara kadhaa. Kwa ulinganisho huo, hifadhi fedha kama namba kamili za shilingi: namba za desimali zinazokadiriwa hutoa majibu yanayotofautiana kidogo kulingana na mpangilio wa kujumlisha, na nyuzi hubadilisha mpangilio huo kila mara, hivyo hutajua kama tofauti ya shilingi moja imetoka kwenye ukadiriaji au kwenye nyuzi mbili zilizoandika mahali pamoja.